Mvule wa Pipani

Jani moja la mvule, pana na kavu, lilianguka ndani ya kikombe cha kahawa cha Sheikh Kamaludin, na tangu hapo utulivu ukaihama nyumba ya Bwana Noormohamed.

Sheikh Kamaludin alikuwa msimamizi wa nyumba za wakfu mtaani Kuze. Alikuwa mtu mpole, mwenye desturi ya kukohoa kidogo kabla ya kusema neno lisilopendeza, na Jumatatu hiyo alikuwa amekuja kwa habari ya kupendeza: kwamba mkataba wa nyumba, uliokuwa ukikaribia kumalizika, ungeandikwa upya Alhamisi. Alilitoa jani kikombeni kwa vidole viwili. Akaligeuza. Kisha akainua uso taratibu, kutoka kwenye pipa la bluu lililosimama katikati ya ua, akalifuata shina, akayapita matawi, mpaka macho yake yakafika kileleni, ambako mti ulikuwa umekwisha kuupita ukuta wa ghorofa na sasa ulikuwa ukichungulia nyumba ya pili.

Akakohoa.

"Bwana Noormohamed, mti huu ni wako?"

"Ni wangu, Sheikh."

"Umeupanda?"

"Sikuupanda. Nimeuweka."

Kwa watu wengine jibu hilo lingekuwa ubishi. Kwa Bwana Noormohamed lilikuwa sheria. Alikuwa amestaafu ukarani mkuu katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, kule Shimanzi, na umri wake wote wa kazi ulipita baina ya makontena. Katika kazi hiyo alijifunza kanuni moja ambayo aliiheshimu kuliko mshahara: mzigo uliomo ndani ya kontena haujaingia nchini mpaka utolewe na ulipiwe ushuru. Unaweza kukaa uwanjani mwaka mzima, ukanyeshewa, ukapigwa jua, ukazoewa na paka, bado haujaingia. Siku alipouleta mvule nyumbani, ukiwa mche wa kimo cha kalamu, aliufungua kwanza mkataba wa wakfu na kusoma sharti lililomkataza mpangaji kujenga, kuchimba, au kupanda mti wa kudumu katika ardhi ya wakfu, na kwamba atakayelivunja mkataba wake hautaandikwa tena. Akafikiri. Akaona kwamba mti uliomo pipani haumo ardhini, kama vile mzigo uliomo kontenani haumo nchini. Akalala usingizi mwema.

"Kilichomo ndani ya chombo," alimweleza Sheikh, "ni samani. Ni kama kabati au kitanda. Siku yoyote watu wawili hukibeba wakakitoa nje."

"Naye huyo kabati," sauti ya Bi Mehrunnisa ilitoka jikoni, "anakunywa ndoo mbili kila asubuhi, Sheikh, na kila mwaka ananifukuzia kamba yangu ya nguo upande mwingine."

"Mama Faraz, tuna mgeni."

"Tuna wageni wawili. Mmoja anajua kuaga."

Sheikh Kamaludin alificha tabasamu ndani ya ndevu. Alisema kwamba Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, angekuja pamoja na Bwana Sufyan, mjumbe mpya wa kamati, kijana asiyependa mzaha. Ingekuwa vyema ua uwe mtupu. "Mimi nitamwambia kwamba haukupandwa. Nitamwambia kwa neno lako."

"Mwambie," alisema Bwana Noormohamed, akijinyoosha. "Neno langu ni hilo."

Mtaani Kuze, neno la Bwana Noormohamed halikuwa likiombwa shahidi. Waliogombana juu ya mpaka wa baraza walimwita aseme ni nani mkweli. Wenye maduka walimwachia funguo. Yeye mwenyewe aliijua heshima hiyo, na aliivaa kila siku pamoja na shati lake jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama.

*

Asubuhi ya pili Bwana Kioko alifika kutoka Ganjoni akiwa na mahamali wawili na mkokoteni. Bwana Kioko alikuwa karani mwenziwe wa zamani, mcheshi, na ndiye aliyekuwa chanzo cha mti. Kanisani kwao siku moja waumini waligawiwa miche, yeye akaangukiwa na mche wa mvule, na mkewe Jacinta akamwuliza iwapo alikusudia kuupanda ndani ya bafu la ghorofa ya tatu.

"Jacinta aliukataa," Bwana Kioko alipenda kukumbusha, "na Mehrunnisa hakuulizwa. Hiyo ndiyo tofauti ya ndoa zetu."

"Shemeji Kioko," alijibu Bi Mehrunnisa akimletea mahamri, "hidaya nyingine ukipata, ipeleke kwa adui zako."

"Mimi nilimwambia, shemeji! Nilimwambia, mzee, mti huu kwetu bara unaupita mnara. Unajua alinijibu nini? Alinijibu kwamba pipani utajifunza adabu."

Bwana Noormohamed hakucheka. Aliwaonyesha mahamali mahali pa kushika, akawaagiza watangulize kisigino cha pipa, wasikwaruze sakafu, wala wasivunje tawi. Mahamali wakainama. Wakavuta pumzi. Wakainua.

Pipa halikusogea hata upana wa kucha.

"Mmelishika vibaya," alisema Bwana Noormohamed.

Wakalishika vizuri. Bwana Kioko naye akavua koti akajiunga, akiimba wimbo wa kusukuma mabehewa alioujua nusu tu. Matawi yakatikisika, majani yakawamwagikia, kunguru mmoja akaruka kwa hasira. Lakini chini, pale pipa lilipokutana na sakafu ya chokaa, palikuwa kimya.

Dirisha la nyumba ya pili likafunguka, akatokea Bi Mwanakuu, jirani aliyekuwa akilijua kila jambo la mtaa kabla ya wenyewe.

"Mwavutana na nani humo, enyi?"

"Tunahamisha samani, Bi Mwanakuu," alijibu Bwana Kioko akihema.

"Samani gani hiyo ina kunguru?"

Hamali mmoja alilala kifudifudi, akapitisha mkono chini ya ukingo wa pipa. Alipoutoa, alimtazama mwenye nyumba kwa namna ya mtu anayetafuta maneno ya adabu. "Mzee," alisema, "hili pipa limeshikwa kutoka chini."

Lubaba, mjukuu wao, ambaye alikuwa akisomea uuguzi na siku hiyo hakuwa na zamu, ndiye aliyekumbuka birika. Nyumba hiyo, kama nyingi za zamani katika Mji wa Kale, ilikuwa na birika la maji ya mvua chini ya ua, lililoachwa kutumiwa tangu mifereji ilipoletwa. Alikibandua kifuniko cha jiwe pembeni mwa ukuta, akapiga magoti, akamulika kwa tochi ya simu yake.

"Babu," alisema, "njoo uone. Lakini usikasirike."

Bwana Noormohamed alitandika leso yake juu ya sakafu, akapiga magoti juu yake, akachungulia. Dari la birika lilikuwa limepasuka katikati. Katika ufa huo ulikuwa umepenya mzizi mnene kama kifundo cha mkono, ukishuka mpaka majini, na chini yake ilining'inia mizizi midogo isiyo na idadi, imetandaa juu ya maji kama ndevu za mzee anayeoga. Matundu ambayo yeye mwenyewe aliyatoboa kitakoni mwa pipa, ili maji yasituame, yalikuwa yametumika kama malango.

Alisimama, akaikunja leso katika mikunjo minne, akaitia mfukoni.

"Ndoo mbili kila asubuhi," alisema Bi Mehrunnisa, "na huku chini ana kisima chake!"

Bwana Kioko alianza kucheka, akauona uso wa rafiki yake, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

*

Mahamali walipokwisha kwenda zao, waliobaki waliketi kuuzunguka mti kama watu walioalikwa kusuluhisha ugomvi.

"Jambo hili ni dogo," alisema Bwana Kioko. "Kesho naja na msumeno. Tunalilaza pipa kidogo kwa mtaimbo, tunakata mzizi, tunaziba ufa kwa simenti. Alhamisi sakafu imekauka. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Bwana Noormohamed.

"Wewe si mjumbe wa kamati."

"Nilimwambia mtu kwamba haukupandwa, naye amekwenda kuyasema maneno hayo kwa watu wengine."

"Na hukuupanda! Umejipanda wenyewe!"

"Kioko, mzigo ukitoboa kontena ukatoka usiniambie haujaingia nchini."

Bi Mehrunnisa alikuwa akizitazama kuta za nyumba. Aliletwa katika nyumba hiyo akiwa bibi harusi. Hapo alimzaa Faraz, hapo aliwazika wakwe zake, na hapo alimlea Lubaba tangu wazazi wake walipokwenda Muskati kutafuta riziki. Hakuwa na nyumba nyingine duniani, wala kiwanja, wala ndugu mwenye chumba cha ziada.

"Baba Faraz," alisema hatimaye, "huyo Sufyan akisikia kwamba umevunja sharti, hawataandika mkataba. Tutakwenda wapi?"

"Sijui."

"Kwa ajili ya mti?"

"Si kwa ajili ya mti."

"Kwa ajili ya nini basi?"

Alitafuta jibu, na jibu lililomjia lilikuwa zuri mno na refu mno, na aliona haya kulisema mbele ya mwanamke ambaye siku zote hizo alikuwa akihamisha kamba ya nguo bila kuhutubu. Akasema tu, "Kwa ajili ya kwamba nilisema."

"Alaa!" alisema Bi Mehrunnisa. "Basi wewe ulisema, na mimi nifungashe masufuria."

Akaingia jikoni. Kwa muda wa siku mbili zilizofuata alimpikia vizuri, akamjibu kila alipoulizwa, akamtilia maji ya kuoga. Na hakumwita Baba Faraz hata mara moja.

Nje mambo hayakuwa mepesi zaidi. Bi Mwanakuu hakuwa amelala. Bwana Noormohamed alipopita kwenda msikitini, muuza mbata alimwuliza kwa heshima zote iwapo kabati lilikuwa limeongeza tawi. Watu barazani walimsalimu kama kawaida, wakasubiri apite hatua chache, kisha mmoja akasema, "Samani!" na wengine wakafa kwa kicheko. Alitembea wima. Lakini alipofika nyumbani alikuta kwamba kola ya shati lake ilikuwa imelowa, jambo ambalo hata joto la Machi halikuwahi kumfanyia.

*

Alhamisi waliwasili. Bwana Sufyan alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme, aliyechukua ujumbe wake wa kamati kwa uzito wa mtu aliyekabidhiwa mji. Aliusoma mkataba wote kabla ya kuketi. Sheikh Kamaludin aliutazama mti, ambao haukuwa umeondoka, akamtazama mwenye mti, akakohoa mara tatu.

"Bwana Noormohamed, tulielewana kwamba..."

"Tulielewana, Sheikh. Ninaomba niseme kabla hujanisemea."

Alikuwa amevaa koti juu ya shati. Bi Mehrunnisa alisimama kwenye mlango wa jikoni na Lubaba nyuma yake. Bwana Kioko, aliyekuja bila kualikwa, aliketi ngazini na kushika kofia yake mapajani kama mtu aliye matangani.

"Nilikwambia kwamba mti huu haukupandwa," alisema Bwana Noormohamed. "Niliamini hivyo, lakini niliamini kwa sababu nilipenda kuamini. Mizizi imepasua dari la birika la wakfu. Mti umo ardhini. Neno nililokupa halikuwa kweli, na wewe umelibeba kwa wenzio. Ninakutaka radhi mbele ya watu hawa."

Bwana Sufyan alikwenda kwenye birika, akainama, akachungulia kwa muda mrefu. Aliporudi miwani yake ilikuwa na ukungu. Akaifuta.

"Sharti liko wazi," alisema. "Mpangaji aliyepanda hataandikiwa tena."

"Liko wazi," alikubali Bwana Noormohamed.

"Ningependa kukusaidia, mzee. Nimesikia habari zako. Lakini tukikusamehe wewe kwa kuwa una jina jema, kesho yule asiye na jina atasema nini?"

"Atasema kwamba kamati ina upendeleo. Naye atakuwa amesema kweli. Usinisamehe."

"Loo!" Bwana Kioko alinong'ona ngazini. "Anamfundisha namna ya kumfukuza."

Sheikh Kamaludin aliuchukua mkataba kutoka mikononi mwa mwenziwe. Aliusogeza mbali na macho, akausogeza karibu. "Sharti," alisema polepole, "linasema mpangaji. Mpangaji ni jina lililoandikwa hapa. Halisemi nyumba, wala halisemi jamaa. Sufyan, akiondolewa mwenye jina hili, wakfu si utatafuta mpangaji mwingine?"

"Utatafuta. Na wa jamaa hiyohiyo hutangulizwa, iwapo hakushiriki katika kosa."

"Iwapo hakushiriki."

Wajumbe wote wawili waligeuka wakautazama mlango wa jikoni.

"Bi Mehrunnisa," alisema Bwana Sufyan kwa adabu, "wewe uliuridhia mti huu?"

Bi Mehrunnisa alifungua kinywa, lakini hakuwahi kusema.

"Auridhie?" Dirisha la juu lilikuwa wazi, na Bi Mwanakuu alikuwa amejitokeza mpaka kifuani. "Wallahi mimi ni shahidi! Miaka yote hiyo namsikia yuwateta. Kila alfajiri: toa mti hunu, toa mti hunu! Mpaka kasuku wangu amejifunza. Mungoje nimlete."

"Hapana haja, mama," alisema Bwana Sufyan upesi.

Lakini kasuku, aliyesikia jina lake likitajwa au aliyechoka kunyamaza, alitoa ushahidi wake kutoka ndani, kwa sauti kali iliyofanana mno na ya Bi Mehrunnisa alfajiri: "Toa mti hunu!"

Lubaba alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Sheikh Kamaludin alishindwa kabisa. Alicheka mpaka akalazimika kushika pipa. Hata Bwana Sufyan alivua miwani yake ambayo haikuwa na ukungu tena, akaifuta kwa bidii.

Mkataba uliandikwa palepale, juu ya meza ya kahawa. Jina la Noormohamed lilipigwa mstari. Kalamu ilipopita, yeye mwenyewe aliangalia, kwa sababu aliona kwamba kutoangalia kungekuwa woga. Chini yake likaandikwa jina la Mehrunnisa, naye akatia sahihi kwa mwandiko wa shule, herufi moja baada ya nyingine, ulimi ukiwa umechungulia pembeni mwa mdomo.

"Sasa, mpangaji," alisema Bwana Sufyan, "mti uliomo ardhini mwa wakfu ni mali ya wakfu. Birika haliwezi kuuvumilia. Tunacho kiwanja nyuma ya madrasa, kipana, hakina hata kichaka. Unaweza kukatwa hapa ukaisha, au ukang'olewa ukapelekwa huko, ukitaka kujisumbua. Ua ni wako. Chagua."

Bwana Noormohamed alifumbua kinywa, akakumbuka, akakifumba.

Bi Mehrunnisa aliutazama mti uliomnyang'anya kamba zake zote za nguo. Aliutazama kwa muda ambao ulimfanya mumewe ahesabu vifungo vya koti lake.

"Utatoka mzima," alisema. "Na atakayeuchimba ni yeye aliyeuweka."

*

Kazi ilianza Jumamosi, baada ya chai. Kuze haikuwa imewahi kumwona Bwana Noormohamed akiwa na fulana. Sasa ilimwona, kwa kuwa dirisha la juu halikufungwa, na Bi Mwanakuu hakuwa mchoyo wa habari. Alikuwa amelala ubavu juu ya gunia, patasi mkononi, akiibandua chokaa kidogo kidogo kuuzunguka mzizi, na vumbi jeupe limemjaa nyusi. Bwana Kioko alimpokea kila alipochoka, akisimulia habari za mwenye kontena fulani la vitunguu, habari ndefu isiyokuwa na mwisho. Mkokoteni ulikuwa mlangoni, na pembeni yake Lubaba alikuwa akilizungushia shina shuka kuukuu ili lisichubuke njiani.

Bi Mehrunnisa alitoa kiti akakaa kivulini, karibu kabisa.

"Taratibu, Baba Faraz," alisema. "Usinivunjie sakafu yangu."

Patasi ilisimama. Bwana Noormohamed aligeuza kichwa akamtazama kutoka chini, akiwa na chokaa katika ndevu. Alikuwa ameishi naye umri mrefu. Hakuwa amewahi kumsikia akisema "sakafu yangu".

"Naam," alisema. Kisha, baada ya kufikiri, akaongeza, "Mpangaji."

"Ehe. Jizoeze."

Wakaendelea. Adhuhuri ilipokaribia mzizi wote ulionekana, umelala uchi ndani ya shimo, mwekundu-kahawia, ukiwa bado na unyevu wa birika. Bwana Kioko alimpa msumeno. Bwana Noormohamed aliyaweka meno ya msumeno juu ya gome, karibu na kitako cha pipa, mahali palipokuwa pepesi kufikiwa.

"Nikate hapa?" aliuliza.

Bi Mehrunnisa aliondoka kitini, akapiga magoti kando yake juu ya vumbi, bila kutandika kitu. Aliupapasa mzizi kwa kidole, kuelekea chini, kule ulikokuwa laini zaidi na wenye nyuzi nyingi, ambako kuukata kungewagharimu saa nyingine nzima ya kuchimba.

"Shuka kidogo," alisema. "Mwachie shibiri moja zaidi. Anakwenda ugenini."